Mipako ya Kuzuia Kutu Chini ya Gari: Ipi Hulinda Chuma na Ipi Huficha Maradhi

Bidhaa za kukinga uvungu wa gari dhidi ya kutu huuzwa kwa sifa zinazofanana mno, kwani karibu kila kopo huahidi utando mweusi, imara, usiopitisha maji na utakaodumu miaka mingi. Ukizipaka bidhaa hizo kwenye bati jipya na kuzitazama siku hiyohiyo, ni vigumu kuzitofautisha. Tofauti hujitokeza baadaye, jiwe linapogonga utando na kuupasua, au maji yanapopata njia ya kuingia nyuma yake. Hapo ndipo mpako mmoja huendelea kulinda chuma na mwingine hugeuka kifuniko cha kuhifadhia unyevu. Hicho ndicho kipimo nilichotumia katika tathmini hii, yaani kile ambacho mpako hufanya ukishajeruhiwa, na kwa kipimo hicho mipako laini ya nta na ya lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo) huishinda kwa mbali mipako migumu ya lami, ingawa hiyo ya lami ndiyo inayopendwa zaidi.

Ili hukumu hiyo ieleweke, inafaa kwanza kujua kutu inaanzia wapi. Chuma huota kutu kikikutana na maji na oksijeni kwa pamoja, na maji hayo si lazima yawe ya mvua wala ya dimbwi, kwa sababu hewa yenye unyevu wa asilimia 60 hivi na zaidi hutosha kuweka juu ya chuma utando mwembamba wa maji usioonekana kwa macho. Chumvi huharakisha kazi hiyo kwa kuyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, na kutu kwa asili yake ni kazi ya umeme, elektroni zikihama kutoka sehemu moja ya chuma kwenda nyingine. Chumvi ya kawaida hunyonya maji ya hewani hadi ikayeyuka unyevu unapofika asilimia 75 hivi, lakini kloridi ya kalsiamu na kloridi ya magnesiamu, ambazo humwagwa barabarani ama kutuliza vumbi ama kuyeyusha barafu, huyeyuka hata unyevu ukiwa wa asilimia thelathini na kitu. Kwa hiyo gari lililopita katika barabara ya aina hiyo, au linalolala karibu na bahari, linaweza kuwa limelowa chini hata siku ambayo mwenyewe angeapa kwamba halijaguswa na tone la maji.

Uvungu wenyewe haushambuliwi kwa usawa. Sakafu pana, ambayo ndiyo mtu huiona anapoinama kuchungulia, mara nyingi ndiyo huoza mwisho. Kutu huanzia katika maungio ambapo mabati mawili yamelaliana na kushikanishwa kwa nukta za kuchomelea, katika kingo za ndani za madigadi, ndani ya vizingiti vya milango, ndani ya mihimili ya chasisi iliyofungwa pande zote, na popote ambapo tope hukaa na kushikilia maji siku kadhaa baada ya sehemu nyingine kukauka. Kutu iliyozaliwa ndani ya ungio huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo huyasukuma mabati na kuyaachanisha, na kila yanapoachana maji hupata njia pana zaidi. Mpako usioweza kupenya katika mapengo hayo, hata uwe mgumu namna gani, unalinda mahali ambapo hapakuwa na shida kubwa.

Viwanda vya magari vimelijua jambo hili kwa muda mrefu. Tangu miaka ya 1970 bodi nyingi huzamishwa nzima katika praima inayovutwa na umeme hadi ikagandama kwenye chuma, ikiacha utando wa mikroni 20 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) ambao hufika hata ndani ya mihimili, kisha bodi hupitishwa katika tanuri. Porsche ilianza kutumia mabati yaliyofunikwa zinki katika 911 katikati ya miaka ya 1970, na Audi ikaleta bodi nzima ya mabati ya zinki katika Audi 100 mwaka 1985. Zinki ni mlinzi wa aina yake, kwa maana hukubali kuliwa yenyewe kabla ya chuma, hata pale palipokwaruzwa. Hata hivyo ulinzi wa kiwandani una mipaka, na ushahidi wake ni mkubwa: mwaka 2016 Toyota ilikubali nchini Marekani kumaliza kesi ya pamoja kuhusu chasisi zilizooza za Tacoma, Tundra na Sequoia, kwa mapatano ya ukaguzi na ubadilishaji wa chasisi ambayo thamani yake ilikadiriwa kufikia dola bilioni 3.4 hivi. Kwangu mimi kisa hicho kinatosha kuonyesha kwamba mpako wa ziada si anasa ya wapenda magari.

Nianze na mpako wa lami, pamoja na ndugu yake wa lami iliyochanganywa na mpira, kwa kuwa ndio unaopatikana kila mahali, ukiwa katika makopo ya brashi na ya kupuliza. Sifa zake njema ni za kweli. Hukauka upesi, hauhitaji ustadi mwingi, hushika vizuri kwenye bati lililosafishwa, na hupunguza kelele za mawe yanayogonga sakafu, jambo ambalo dereva hulisikia tangu safari ya kwanza. Uvungu uliopakwa lami huonekana mpya, mweusi wa sare kutoka bampa hadi bampa, na ndiyo maana wateja hutoka gereji wameridhika.

Tatizo lake huja na umri. Viyeyushi na mafuta mepesi yaliyomo hupotea polepole, na joto la injini, jua na baridi ya usiku hulipanua na kulikaza bati bila kukoma, ilhali lami iliyokwisha kukakamaa haiwezi tena kulifuata. Hupasuka kwanza penye maungio, yaani palepale ambapo kinga inahitajika zaidi, na nyufa zenyewe huwa nyembamba kiasi kwamba maji huvutwa ndani bila kupata njia ya kutoka. Kuanzia hapo kutu husafiri chini ya utando, mahali pasipofikiwa na upepo wa kukausha, huku juu weusi ukibaki kama ulivyokuwa. Nimekwangua lami ya namna hii kwa ncha ya bisibisi katika magari yaliyoonekana safi kabisa kwa nje, ikabanduka kwa vipande vipana, na upande wa ndani wa kila kipande ulikuwa umeshika magamba ya kahawia ambayo jana yake yalikuwa chuma cha gari. Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Na sijaona bidhaa inayoficha maradhi ya gari kwa ustadi kuliko hii. Ndiyo sababu anayenunua gari lililotumika na kukuta uvungu wake umepakwa lami mbichi juzi tu anapaswa kushuku kabla ya kufurahi, na kumwomba fundi agongegonge vizingiti na mihimili kwa mpini wa bisibisi, kwani chuma kizima hutoa mlio mkali na chuma kilichooza hutoa mlio mfu.

Sisemi kwamba lami haina mahali pake. Juu ya bati jipya lililobadilishwa, likapakwa praima ya epoksi na maungio yake yakazibwa kwa silanti, lami huhimili mawe vizuri na unaweza kuiacha huko kwa miaka, mradi ikaguliwe. Ninachokikataa ni desturi ya kuimwaga juu ya chuma chenye kutu, tope na mabaki ya mpako wa zamani, kisha kuiita kinga. Mipako ya plastiki na ya mpira wa sintetiki, ile inayopulizwa kwa bunduki ya kompresa na kuacha uso wenye vipele kama ule wa kiwandani, ni bora kuliko lami kwa kunyumbulika na hukubali kupakwa rangi juu yake, lakini hasara yake kubwa ni ileile: ikishapasuka, haiwezi kujifunga.

Nta ni habari nyingine, na ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza kwa uso wa nje wa uvungu. Majina yanayojulikana ni Dinitrol, Tectyl, Noxudol, Waxoyl na Dynax ya Bilt Hamber, na ingawa kila mtengenezaji ana siri zake, wazo ni moja: nta huyeyushwa katika kiyeyushi pamoja na viambato vinavyozuia kutu, hupulizwa ikiwa kimiminika, kiyeyushi huondoka, na utando unaobaki hushika chuma bila kukakamaa kabisa. Jiwe likiugonga, utando hubonyea badala ya kuvunjika, na mkwaruzo mdogo unaweza kujifunga siku za joto kwa nta iliyo kandokando kulainika na kusogea. Kinachonivutia zaidi ni uwazi wake, kwa sababu nta nyingi za rangi ya kaharabu huacha chuma kionekane, na kutu ikianza mahali utaiona kabla haijala sana. Kwa sababu hiyo hushauri kuchagua ya kaharabu kila inapopatikana, hata pale muuzaji anaposisitiza nyeusi kwa ajili ya sura.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaelezwi ni kwamba nta hizi huja kwa uzito tofauti na haziwezi kubadilishana kazi. Nyepesi hutengenezwa kwa ajili ya kupenya, hupulizwa kwa mrija mrefu wenye ncha inayotawanya pande zote ndani ya vizingiti, milango na mihimili, na hutambaa katika maungio hadi ikatokea upande wa pili. Nzito hutengenezwa kwa ajili ya kuhimili mawe na maji ya magurudumu, nayo hulainika inapopulizwa kisha hukaza inapotulia, hivyo haichuruziki hata ikipakwa kwa unene. Anayepuliza nyepesi chini ya madigadi ataikosa baada ya msimu mmoja wa mvua. Anayejaza nzito ndani ya kizingiti ataziba juu ya pengo bila kuliingia. Kazi kamili hutaka zote mbili, na gereji inayotumia kopo moja kwa kila mahali haijaifanya kazi hiyo.

Nta ina udhaifu wake na haifai kuufumba macho. Katika joto kali aina nyepesi huweza kudondoka kupitia mashimo ya kutolea maji na kuchafua mahali gari linapoegeshwa. Mashine ya maji ya presha ikielekezwa karibu mno huing'oa. Kiyeyushi hutoa harufu nzito kwa siku kadhaa, na hewa ya ndani ya gari isiyo na mzunguko huweza kumwumiza mtu kichwa. Kwa anayelichukia hilo, Noxudol ina matoleo yasiyo na kiyeyushi. Vumbi hushika juu yake na kuufanya uvungu uonekane mchafu, jambo lisilo na madhara yoyote kwa chuma. Baada ya miaka michache sehemu zilizo nyuma ya magurudumu huhitaji kurudiwa, lakini kuirudia ni kazi nyepesi, kwa kuwa nta mpya hukubaliana na ya zamani bila kukwangua chochote, tofauti kabisa na lami.

Kuna jamaa wa nta anayestahili kutajwa peke yake, nayo ni grisi ya Mike Sanders kutoka Ujerumani, ambayo huchemshwa hadi nyuzi za Selsiasi 120 hivi kabla ya kupulizwa. Ikipoa hukaza, na kila jua linapopasha gari hulainika tena na kujisukuma ndani zaidi ya maungio. Wanaotunza magari ya kale huiheshimu sana, nami naielewa heshima hiyo, lakini kupuliza grisi ya joto hilo ni hatari kwa asiye na vifaa, na sishauri mtu aijaribu kwa sufuria na kompresa ya kukopa.

Kundi la tatu ni mafuta yasiyokauka, na mashuhuri kati yake ni yale ya lanolini, yaani mafuta yanayotolewa katika sufu ya kondoo: Fluid Film, Woolwax na Lanoguard. Lanolini, ambayo kwa kemia yake ni nta zaidi kuliko mafuta, ndiyo inayomfanya kondoo asilowe hadi ngozini, na Fluid Film ilijijengea jina ndani ya matangi ya maji ya kusawazisha meli kabla haijawa bidhaa ya magari. Haikauki kamwe. Hupenya chini ya kutu iliyokwisha kushika, huyasukuma maji kando, na hutambaa katika nyuzi za nati, katika klipu za mabomba ya breki na katika maungio ambayo hakuna brashi inayoyafikia. Harufu yake ni ya zizi kidogo, nayo hupotea. Kwa gari la zamani ambalo tayari lina kutu ya juujuu na ambalo mwenyewe hana uwezo wa kulivua lote na kulisafisha hadi chuma cheupe, sijui bidhaa yenye faida kubwa kuliko hii, kwa sababu inasamehe maandalizi hafifu kuliko mpako mwingine wowote.

Gharama yake ni kurudiwa. Kwa kuwa haikauki, maji ya magurudumu huiosha, na watengenezaji wenyewe hushauri ipakwe upya kila mwaka. Ndani ya mihimili, ambako hakuna kinachoiosha, hudumu zaidi. Tahadhari kubwa ni mpira. Fluid Film na mafuta ya namna yake huweza kuvimbisha mpira wa asili na mipira isiyostahimili mafuta, kwa hiyo bushi za saspensheni, mipira ya kufunika maungio ya ekseli na mihuri ya milango ifunikwe au ipanguswe mara moja. Fundi asiyeijua tahadhari hii asipewe gari.

Kuna watu wanaopuliza mafuta machafu ya injini kwa hoja kwamba nayo ni mafuta na hayagharimu kitu. Hoja hiyo naipinga kwa nguvu. Mafuta yaliyokwisha kutumika yamebeba asidi zilizotokana na uunguaji, maji na chembe za metali, na yana kemikali zinazosababisha saratani ya ngozi kwa anayeyagusa mara kwa mara. Zaidi ya hayo hudondoka barabarani na kuingia ardhini na katika maji ambayo watu wengine huyatumia. Kinachookolewa mfukoni mwa mwenye gari hulipwa na afya ya kijana anayelala chini ya gari hilo akipuliza.

Rangi ngumu za kazi nzito, yaani epoksi ya sehemu mbili na ile ya POR-15 inayokauka kwa kunyonya unyevu wa hewa, ni zana nzuri mikononi mwa mtu mvumilivu. Chasisi iliyovuliwa bodi, ikapigwa mchanga hadi chuma kikavu na kupakwa epoksi, inaweza kudumu kuliko gari lenyewe. POR-15 hushika vizuri kwenye chuma chenye mikwaruzo na kutu iliyokazana, na hushika vibaya kwenye chuma laini kinachong'aa. Jua huichakaza, hivyo sehemu zinazoonekana hutaka rangi nyingine juu yake. Na kifuniko cha kopo likishafunguliwa hugandama kiasi cha kuhitaji kuvunjwa. Dawa za kugeuza kutu, zenye tanini au asidi ya fosforasi, hubadili kutu nyembamba kuwa tabaka jeusi au la kijivu lisilo na njaa tena, lakini hazifiki chini ya magamba mazito, na kuzipaka juu ya magamba hayo ni kupoteza dawa. Zichukuliwe kama hatua mojawapo ya maandalizi, kisha zifuatwe na praima au nta.

Vile visanduku vya umeme vinavyofungwa kwenye betri na kudaiwa kuzuia kutu kwa mkondo mdogo, sivipi alama yoyote. Kanuni inayotajwa ni ya kweli: mwaka 1824 mwanakemia Mwingereza Humphry Davy alionyesha kwamba vipande vya chuma huweza kulinda shaba iliyofunika meli, na leo mabomba yaliyofukiwa na meli hulindwa kwa umeme. Lakini kinga hiyo hutaka chuma kizamishwe, pamoja na nguzo ya pili ya umeme, katika maji au udongo unyevu usiokatika, na gari lililozungukwa na hewa tu halina kitu hicho. Mamlaka za biashara za Marekani zilikwisha kumchukulia hatua mwuzaji wa kifaa cha namna hiyo katika miaka ya 1990.

Neno moja kuhusu maandishi ya kopo. Makopo mengi hujivunia saa mia kadhaa au elfu za kuhimili ukungu wa chumvi, kwa kurejelea kipimo cha ASTM B117 cha shirika la viwango la Marekani, ambacho kilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1939 na ambacho huweka kibamba cha chuma katika ukungu wa maji yenye chumvi asilimia 5 kwa nyuzi 35 za Selsiasi bila kukatiza. Ni kipimo chenye manufaa kwa kiwanda kinacholinganisha mchanganyiko wake wa jana na wa leo. Hakina mawe, hakina vipindi vya kulowa na kukauka, hakina tope wala mashine ya presha, kwa hiyo saa hizo haziwezi kugeuzwa kuwa miaka ya barabarani, na mtu asichague bidhaa kwa kuwa namba yake ni kubwa.

Kinachoamua matokeo kuliko jina la bidhaa ni maandalizi, na hapa ndipo huduma nyingi za gereji hushindwa. Uvungu hutakiwa kuoshwa kwa presha na sabuni ya kuondoa mafuta, ndani ya madigadi na juu ya mihimili ambako tope hujificha, kisha kuachwa ukauke kabisa. Kukauka kwa juu hakutoshi, kwa kuwa maji hubaki ndani ya vizingiti muda mrefu baada ya sakafu kukauka. Gereji inayoosha asubuhi na kupuliza mchana bila hewa ya moto wala feni inayafungia maji ndani, na hilo ni baya kuliko kutopaka kitu. Mipako inayokauka isipulizwe isipokuwa chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji, la sivyo hupakwa juu ya maji yasiyoonekana. Kutu iliyolegea ikwanguliwe kwa mkwanguo na brashi ya waya. Lakini brashi ya waya ya mashine isishikiliwe mahali pamoja, kwani huisugua kutu hadi iking'aa kama chuma huku ikibaki kutu, na juu ya bati zima lenye zinki huondoa zinki yenyewe iliyokuwa ikililinda.

Kuna sehemu ambazo hazipaswi kuguswa na mpako wowote, na orodha hii mteja ana haki ya kuidai kabla gari halijapandishwa: diski na kaliper za breki, bomba la eksozi lote pamoja na kifaa cha kusafishia moshi na vihisi vyake, krosi za propela, kipumulio cha difu, plagi za nyaya, mikanda, na radiata. Nta au lami juu ya eksozi hutoa moshi na inaweza kuwaka. Mashimo ya kutolea maji chini ya milango na vizingiti yazibuliwe baada ya kazi, kila moja, kwa waya mwembamba. Nimeona mengi yaliyozibwa kwa mpako uliowekwa kwa nia njema, na kizingiti kilichojaa maji huoza kwa kasi kuliko kile ambacho hakikupakwa kabisa. Gereji nyingine hutoboa mashimo mapya ili kuingiza mrija. Hilo linaweza kuondoa dhamana ya kiwanda dhidi ya kutoboka kwa kutu, na mara nyingi si la lazima, kwa kuwa bodi huwa na mashimo yake yenye vizibo vya mpira au plastiki.

Anayetaka kuifanya kazi hii mwenyewe asilale chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Liwekwe juu ya stendi imara kwenye sakafu tambarare. Avae miwani, glavu na barakoa yenye kichujio cha mvuke, milango iwe wazi, na kusiwe na moto wala taa ya waya wa moto karibu, kwa sababu mvuke wa kiyeyushi ni mzito kuliko hewa na hukusanyika chini, palepale alipolala. Anayelipia huduma aombe picha za ndani ya mihimili zilizopigwa kwa kamera ndogo ya kuchungulia, kabla na baada ya kupuliza, na jina la kila bidhaa iliyotumika. Fundi anayeifanya kazi yake kwa uaminifu hufurahi kuulizwa hivyo.

Kwa gari jipya au lenye uvungu mzima, ningechagua nta nyepesi ndani ya mihimili na nta nzito nje, mapema, kabla ya msimu wa kwanza wa mvua au wa chumvi, kisha ukaguzi wa kila mwaka na marekebisho nyuma ya magurudumu. Kwa gari la umri wa kati lenye kutu ya juujuu, lanolini mwaka baada ya mwaka, na mabomba ya breki yachunguzwe kwa kidole kabla ya kupakwa kwa sababu bomba lililoliwa hubadilishwa, halipakwi. Kwa gari lenye lami ya zamani, lami iliyolegea ivuliwe yote. Ile iliyoshika barabara inaweza kubaki, na kingo zake zipuliziwe nta nyepesi hadi ipenye chini yake. Na gari ambalo mhimili au kizingiti chake kimekwisha kutoboka halihitaji kopo lolote kwa sasa. Hakuna mpako unaorudisha nguvu ya chuma kilichokwisha kuliwa. Sehemu hiyo ikatwe hadi chuma kizima, ichomelewe bati la unene uleule, ipakwe praima, na nta ifuate baada ya chuma kupoa, kamwe isitangulie, kwa kuwa iliyo ndani ya mhimili huwaka mara cheche ya kuchomelea inapoifikia.